Chupa mbili za kolajeni na nywele zinazokatika: kisa cha saluni moja Kigoma

Mteja ni mwalimu wa shule ya msingi, mkazi wa Ujiji, amevuka arobaini. Saluni anayotengenezea nywele iko Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini. Miaka mingi amekuwa mtu wa nywele za dawa: ritachi (kurudia dawa nywele changa zikiota), rola, draya, na Jumatatu anaingia darasani kichwa kimetulia. Mwaka jana nywele zilianza kumkatika utosini na mbele, pale juu ya paji la uso. Msusi akamshauri afanye tritimenti ya kolajeni, shilingi 25,000 kila mara, pamoja na kustimu. Na kwa kuwa miguu nayo humpauka kila kiangazi kinapoingia, akauziwa losheni ya jina hilohilo kwa shilingi 18,000. Maelezo ya vyote viwili yalikuwa mamoja: asidi amino za kolajeni, yaani vipande vidogo kabisa vinavyoijenga protini hiyo, zinapenya, zinajenga kilichobomoka.

Miezi ikapita. Nywele zikazidi kukatika, na zilizobaki zikakakamaa. Losheni ilimfaa wakati wa mvua, lakini Juni ilipofika miguu ikarudi kupauka, tena akahisi ngozi inavuta kuliko zamani. Mwenye saluni ni mtu mwaminifu na jambo hili lilimkosesha raha, maana tritimenti ile anaiamini na yeye mwenyewe anaitumia. Akaja kwangu na chupa zote mbili, mteja akiwa naye. Kazi yangu ni kuwafundisha wasusi na wauza vipodozi kemia ya vitu wanavyovishika kila siku. Nakiandika kisa hiki kwa kirefu, kwa ruhusa ya wote wawili, kwa sababu yaliyomo nayakuta karibu kila saluni ninayoingia.

Kichwani kwanza

Kabla ya kusoma chupa niliangalia nywele. Mwenye saluni alitandaza taulo jeupe mabegani mwa mteja wake, akamwambia, "Samahani Mwalimu, nikuchane kidogo bila mafuta." Zilizodondoka tukazipanga kwenye karatasi, mojamoja.

Unywele uliong'oka kwa kumaliza muda wake huwa na kifundo kidogo cheupe upande wa mzizi. Ukiupitisha taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada, unakihisi. Kati ya zile zilizolala kwenye karatasi, chache sana zilikuwa nacho. Nyingi zilikuwa vipande tu vilivyokatika huku na huku, ncha zimefumuka nyuzi nyuzi. Kwa hiyo mizizi ilikuwa mizima. Ubovu ulikuwa njiani, kwenye unywele wenyewe.

Tukaangalia zinapokatikia. Utosini karibu zote zilikatikia umbali mmoja kutoka kwenye ngozi, pale ambapo nywele changa zinakutana na zile zilizokwisha kuwekwa dawa. Nywele za kichwani hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, hivyo umbali ule ulitosha kutuambia ritachi ya mwisho iliwekwa lini, na mwenye saluni alipofungua daftari lake ikawa hivyo hivyo. Kisha tukalowesha unywele mmoja mrefu na kuuvuta polepole. Unywele mzima ukiwa na maji huvutika kufikia karibu asilimia 30 zaidi ya urefu wake, na ukiuachia unarudi. Huu ulivutika, ukaendelea kuvutika, haukurudi, ukakatika mikononi.

Nikamwuliza mwenye saluni ritachi anaipakaje. Alijibu bila kuficha: anaanza na nywele changa, na dakika chache kabla ya kuosha anaivuta dawa mpaka kwenye ncha ili kichwa kizima kiwe cha aina moja. Anaiweka kila wiki ya sita, kwa sababu mwalimu hapendi nywele za mbele zikianza kusimama.

Hapo tulikuwa tumefika kwenye kiini. Dawa ya nywele yenye sodiamu haidroksaidi ina pH (kipimo cha asidi na alikali, ambapo 7 ni katikati) ya kati ya 12 na 14, yaani ni alikali kali. Kazi yake ni kuvunja vifungo vya salfa vinavyoishika keratini, protini ya unywele, katika umbo lake la kujikunja. Kila kifungo kina atomi mbili za salfa, dawa inaondoa moja, na kifungo kinachobaki, lanthionini, hakigeuki tena kuwa kile cha mwanzo. Ndiyo maana nywele za dawa hazirudi kujikunja hata zioshwe mara ngapi. Sasa ukiipitisha dawa ileile juu ya nywele zilizokwisha kunyooka, hakuna cha kunyoosha tena. Unaziumiza tu. Mpaka wa nywele changa na za zamani ndio unaopigwa kila ritachi, na ndipo za mwalimu zilipokuwa zinakatikia. Mbele kulikuwa na sababu ya nyongeza, misuko ya kubana anayosukwa kila likizo, nayo ilionekana wazi kwa jinsi laini ya nywele ilivyorudi nyuma.

Tritimenti ya kolajeni ilikuwa inafuata nyuma ya ritachi ya namna hiyo, na yeyote aliyeiona ikishindwa alidhani dozi haitoshi. Wakaiongeza.

Kolajeni ikishavunjwa inabaki nini

Mwenye saluni aliuliza swali zuri: kama kolajeni ni protini na nywele ni protini, kwa nini moja isiijenge nyingine?

Kolajeni ndiyo protini iliyo nyingi kuliko zote mwilini, karibu asilimia 30 ya protini yote. Iko kwenye ngozi, mifupa na kano. Molekuli yake ni minyororo mitatu iliyosokotana, kila mmoja una asidi amino zinazokaribia 1,000, na uzito wa yote mitatu ni karibu daltoni 300,000 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli). Anayepika supu ya kongoro ameshaiona hatua ya kwanza ya kuivunja: moto wa muda mrefu unalegeza msokoto, kolajeni inakuwa jelatini, na sufuria ikilala inakutwa asubuhi imeganda. Kiwandani wanaendelea kutoka hapo. Kwa asidi, alikali au vimeng'enya wanaikata jelatini iwe vipande vya daltoni elfu chache, na kwenye lebo vipande hivyo vinaandikwa Hydrolyzed Collagen. Ikikatwa mpaka mwisho zinabaki asidi amino mojamoja, na lebo inaandika Collagen Amino Acids. Hapo uzito umeshuka sana: glisini daltoni 75, prolini 115, haidroksiprolini 131. Msokoto haupo tena, wala mnyororo, wala ile nguvu iliyokuwa kwenye kano ya ng'ombe. Jina la kolajeni limebaki kuonyesha zilikotoka tu.

Sasa linganisha na unywele. Keratini ya nywele imejaa sistini, asidi amino yenye salfa, na ndiyo inayofunga vile vifungo ambavyo dawa inavivunja. Kolajeni ya aina ya kwanza, iliyo nyingi kwenye ngozi na mifupa, karibu haina sistini kabisa. Theluthi yake nzima ni glisini. Kwa hiyo hata kama unywele ungekuwa na uwezo wa kujijenga, kile ulichopungukiwa hakimo ndani ya chupa. Na uwezo huo haupo. Unywele uliokwisha kutoka kichwani hauna seli hai. Ni kama uzi wa wavu wa mvuvi wa Kibirizi, ukikatika hauungi wenyewe hata ukiulowesha kwenye nini.

Kwa ngozi watu huniambia, "Lakini ngozi iko hai." Ni kweli, iko hai. Mwaka 2000 watafiti Bos na Meinardi walitoa kanuni ambayo wataalamu wa ngozi wanaitumia hadi leo, kwamba molekuli ikizidi daltoni 500 ni vigumu sana kuvuka tabaka la juu la ngozi. Kolajeni nzima haivuki, na vipande vya daltoni elfu chache navyo ni vizito mno. Asidi amino mojamoja ni ndogo kuliko kikomo hicho, na wauzaji wanaishika hoja hii kwa mikono miwili. Lakini asidi amino zinapenda maji, wakati njia kati ya seli za tabaka la juu imejaa mafuta, kwa hiyo nyingi zinabaki palepale juu. Na tuseme chache zimefika chini. Seli zinazotengeneza kolajeni zimekuwa zikipata glisini na prolini kutoka kwenye damu tangu mtu azaliwe, kwa kiasi ambacho losheni haiwezi kukikaribia. Mwalimu anakula dagaa na maharage. Mwili wake haujawahi kusubiri glisini ya kupaka.

Kuna jambo jingine ninalolipenda sana katika kemia hii, na halisemwi. Haidroksiprolini, ile asidi amino inayoitambulisha kolajeni, mwili hauichukui kutoka nje na kuipachika kwenye kolajeni mpya. Seli huanza na prolini ya kawaida, inaipanga kwenye mnyororo, halafu ndipo inaigeuza kuwa haidroksiprolini palepale kwenye mnyororo, kwa msaada wa vitamini C. Vitamini C ikikosekana kazi hiyo inakwama, na mtu anapata kiseyeye: fizi zinatoka damu, vidonda havifungi. Kwa hiyo haidroksiprolini ya ngozi ya ng'ombe iliyosagwa na kutiwa kwenye chupa haiwezi kuwa haidroksiprolini ya ngozi ya mwalimu.

Kazi yake halisi

Nisingependa msomaji aondoke hapa akidhani kiambato hiki ni uongo. Ni kivuta unyevu kizuri. Tabaka la juu la ngozi lina mchanganyiko wake wa asili wa kushika maji, na karibu asilimia 40 ya mchanganyiko huo ni asidi amino huru; zilizobaki ni vitu kama asidi ya pairolidoni kaboksiliki, laktati na urea. Unapopaka asidi amino unaongezea ngozi kitu cha jamii ambayo tayari inaitumia. Haziwashi, hazina harufu ya kusumbua, hazinati kama gliserini nyingi inavyonata. Kwenye nywele, asidi amino ni ndogo kiasi cha kuingia ndani ya unywele uliovimba kwa maji na kusaidia kuyashika. Tatizo ni kwamba, kwa udogo huohuo na kwa kuyeyuka kirahisi, zinatoka kwa maji ya kusuuza. Vile vipande vikubwa zaidi ndivyo vinavyong'ang'ania nje na kuufunika unywele.

Tulipozisoma chupa, mengi yakajieleza. Kwenye tritimenti vile vipande vikubwa viliandikwa mapema, katika viambato vya mwanzo. Asidi amino zilikuwa mwishoni kabisa, baada ya fenoksiethanoli na manukato. Fenoksiethanoli ni kihifadhi, na kwa kanuni za Umoja wa Ulaya kiwango chake cha juu ni asilimia 1. Viambato hupangwa kwa uzito kuanzia kilicho kingi, mpaka vile vilivyo chini ya asilimia 1, ambavyo vinaweza kupangwa vyovyote. Kwa mtengenezaji anayefuata kanuni hizo, kilichoandikwa baada ya fenoksiethanoli hakizidi asilimia 1. Jina kubwa lililo mbele ya chupa lilikuwa la kiambato kilicho mkiani. Wala huo si ushahidi kwamba chupa ni feki, maana asidi amino kidogo nazo zina kazi. Ila mteja anapolipa 25,000 kwa sababu ya jina hilo, ana haki ya kuonyeshwa lilipo kwenye orodha.

Na kule kukakamaa? Ni vile vipande vikubwa. Kila baada ya wiki moja vilikuwa vinawekwa vingine juu ya vya zamani, na mvuke, bila shampuu ya kuondoa mrundikano. Utando ukizidi, unywele unakuwa mgumu, haupindi, na kitana kikipita unakatika. Tritimenti iliyowekwa kuokoa nywele ilikuwa inaongeza sababu ya kukatika, ndogo ukilinganisha na ritachi, lakini ipo. Nywele zilizoumizwa na kemikali huvishika vipande hivi zaidi kuliko nywele nzima, kwa hiyo mwenye nywele mbovu ndiye anayekakamaa upesi.

Miguu

Losheni ilikuwa na hali nzuri kuliko tritimenti. Maji, gliserini, asidi amino kabla ya kihifadhi, mafuta kidogo sana. Ni losheni nyepesi ya kuvuta unyevu, na kosa lake ni moja: haina kifuniko. Wakati wa masika hewa ya Kigoma ina unyevu mwingi, hivyo kivuta unyevu kina pa kuvutia. Kuanzia Juni hadi Septemba mvua hakuna, upepo mkavu unapita, na ngozi ya miguu, ambayo ina tezi chache za mafuta, inapoteza maji haraka. Kivuta unyevu kikikosa maji hewani kinayavuta kutoka tabaka za chini za ngozi, na yakifika juu yanakauka. Ndiyo ile hali ya kuvuta aliyoisema.

Nikamwuliza anaogea nini. Sabuni ya mche ya mawese, ileile ya kufulia, na maji ya moto, na kitambaa cha kusugulia. Sabuni za mawese za kwetu ninazithamini, lakini sabuni yoyote ya kweli ina pH ya karibu 9 hadi 10 wakati uso wa ngozi uko karibu na 5, na maji ya moto pamoja na kusugua huusafirisha mchanganyiko ule wa asili ukaenda na povu. Kila asubuhi alikuwa anaziosha asidi amino zake mwenyewe, halafu ananunua nyingine dukani.

Nilimwuliza pia kama anapaka krimu yoyote ya kung'arisha. Zile zenye klobetasoli, dawa kali ya jamii ya steroidi, zinazouzwa chinichini hupunguza utengenezaji wa kolajeni na kuifanya ngozi iwe nyembamba, na mtu anaweza kuwa anapaka kolajeni kwa mkono mmoja na kuiua kwa mkono wa pili. Hatumii, na nilifurahi kusikia hivyo. Chupa zote mbili tulizitazama kama zimesajiliwa na TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia vipodozi, kazi iliyokuwa ya TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa.

Swali la mwalimu mwenyewe

Wakati sisi tumezama kwenye pH, mwalimu aliuliza alichokuja nacho moyoni. "Mdogo wangu, hii kolajeni ni ya mnyama gani?" Kwa mtu wa Ujiji anayeswali mara tano kwa siku, swali hili lina uzito kuliko daltoni zote. Muuzaji alikuwa amemwapia kwamba ni ya samaki.

Kolajeni ya viwandani hutoka kwenye ngozi na mifupa ya ng'ombe, ngozi ya nguruwe, au ngozi na magamba ya samaki. Jina linaloandikwa kwenye orodha ya viambato ni lilelile kwa wote watatu. Kama chupa haikutaja mnyama, na hii haikutaja, muuzaji hana msingi wa kuapa. Anayejua ni mtengenezaji. Naona jambo hili ni zito kuliko bei, na wauzaji wa mkoa huu wanapaswa kulichukulia hivyo, kwa sababu wateja wao wengi wanaswali baada ya kupaka. Jibu la heshima ni, "Mama, chupa haijasema, ngoja niulize."

Tulichobadilisha

Ritachi kwanza. Haiwekwi kabla ya wiki ya kumi, inapakwa kwenye nywele changa tu, na zile za zamani zinapakwa mafuta mazito ya mgando mapema ili dawa ikiteleza isizishike. Baada ya hapo shampuu ya kuondoa dawa mpaka povu libaki jeupe. Mwenye saluni alikuwa anafanya haraka hapa, siku za foleni hasa. Nywele zilizokuwa zimefumuka zilikatwa. Mwalimu alisita, akaondoa mtandio, akatazama kwenye kioo, akasema, "Kata tu, zitaota." Misuko ya kubana mbele imeachwa.

Tritimenti haikutupwa. Inafanywa mara moja baada ya ritachi na mara moja katikati, baada ya shampuu ya kusafisha mrundikano. Kwa siku za kawaida tulichagua kondishna ya kuacha kichwani yenye asidi amino, kwa sababu kitu kinachotoka kwa maji hakina faida kama kazi yake inaishia kwenye beseni. Mafuta ya mise (kokwa za mawese) yanafuata juu, kidogo, kwenye ncha.

Kwa miguu alipewa utaratibu mfupi: maji ya uvuguvugu, sabuni kwapani na miguuni chini tu, losheni ndani ya dakika chache ngozi ikiwa bado na majimaji, halafu mafuta ya mgando juu yake. Kipauko kiliondoka kabla ya kiangazi kuisha. Losheni wakati huo ilikuwa bado ileile; kilichoongezeka ni mafuta ya mgando na kilichopungua ni kusugua.

Utosini vipande kwenye taulo vilipungua kwa kila mchano, na ritachi mbili zilipita bila nywele kukatikia kwenye mpaka. Mbele bado ni pachache. Nywele zilizovutwa kwa miaka hurudi polepole, na sehemu nyingine huenda zisirudi. Nilimwambia hivyo waziwazi mbele ya msusi wake.

Mwenye saluni amebadilisha kadi ya bei ukutani. Tritimenti sasa imeandikwa "ya unyevu na ulaini" na bei imeshuka hadi 12,000, kwa hiari yake. Barua ya kumwuliza mtengenezaji asili ya kolajeni yake imetumwa kupitia muuzaji wa jumla. Mpaka ijibiwe, mwalimu anatumia losheni ya urea na gliserini ya mimea, na ile chupa ya 18,000 imefungwa vizuri kwenye rafu ya saluni ikiwa na jina lake.